Sauti Iliyosafishwa

"Hivi nyinyi watu wa kule juu, mkifiwa mnalia kwa lugha gani?"

Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyemuuliza binti swali hilo, zamani, binti alipohamia kwa shangazi yake baada ya kumzika mama. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anaanika nguo, vibanio mdomoni, na alitaka kujua tu, kama mtu anavyouliza bei ya nyanya. Binti akajibu kwamba wanalia kama watu wengine. Jirani akasema aah, akaendelea kuanika. Tangu hapo binti akajizoesha kusema machache, na kule redioni alikokuja kuajiriwa kupokea simu wakampa jina la Kimya, jina la kuchekesha kwa mtu anayelipwa kwa kuongea.

Maana kwenye simu alikuwa mtu mwingine kabisa. Walipiga watu kuomba wimbo, kulalamika kipindi kimekatishwa, kuuliza saa, na wengine walipiga ili waongee naye tu. Bibi mmoja asiyeona alimpigia kila asubuhi amsomee vichwa vya habari kabla havijasomwa hewani, akidai wale wa hewani wanasoma kama wanafukuzwa na mbwa. Lakini mbele ya maikrofoni hakuwahi kukaa mtu wa kwao hata mmoja. Watu wa kule juu milimani ni wachache, na namna yao ya kusema, ile ya kuvuta pumzi kabla ya neno kama mtu anayetaka kunyanyua ndoo, ilikuwa kichekesho cha mji mzima. Wachekeshaji waliiigiza redioni humohumo, na Kimya ndiye aliyepokea simu za watu waliovunjika mbavu.

Ndipo Mama Vipindi, msimamizi wa vipindi vyote, akabandika tangazo ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Kituo kitachukua watu wapya na kuwafundisha utangazaji, kwa mshahara: wanawake, na watu wa jamii ambazo sauti zao hazijawahi kusikika hewani. Mwombaji alete rekodi yake. Aanze kwa kuwasalimia wasikilizaji kwa lugha ya kwao, kisha asome habari moja. Wanaume wa chumba cha habari wakatania kwamba sasa patakuwa na taarifa ya jikoni. Mama Vipindi akawajibu, bila kugeuka, kwamba jikoni ndiko wanakojua bei zimepanda wakati wao bado wanasubiri kuitwa mkutanoni waambiwe. Kicheko kikahamia upande wake, na tangazo likabaki.

Aliyemsukuma Kimya aombe, akamrekodi na kuipeleka rekodi mwenyewe, ni Fundi.

Huyu Fundi ndiye mwanamume aliyemposa. Alikuwa fundi wa sauti, mrefu, mpole, mwenye vidole vyembamba na tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja akisikiliza, hata akisikiliza maji ya bomba. Walianza kupendana kwenye kioo kile kinachotenga studio na chumba cha mitambo. Kimya alikuwa anapeleka ujumbe wa wasikilizaji kwa watangazaji, na kila akiinua macho anayakuta ya Fundi yameshatangulia. Kisha jioni moja Fundi alimwita, akamvalisha hedifoni kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemvisha taji, akasogeza maikrofoni karibu na kidevu chake na kumwambia asiseme lolote. Kimya akasikia kitu kikubwa na chepesi, kama pazia linalovutwa na upepo. Ilikuwa pumzi yake mwenyewe.

"Unasikia?" Fundi alimwambia. "Hiyo ndiyo inayonimaliza. Kabla hujasema chochote, mimi nimeshakwisha."

Kwa maneno hayo tu alimkubali.

Mama mzazi wa Fundi hakumkubali. Alikuwa mwanamke wa heshima zake, mjane aliyemlea mwanawe peke yake kwa cherehani, na hakuona kwa nini mtoto mwenye masikio ya dhahabu aende kuoa debe. Ndivyo alivyosema, mbele ya shangazi, akinywa chai ya shangazi. Mkwe wa kule juu ni jambo moja, alisema, na mkwe wa kule juu anayesikika mji mzima ni jambo jingine. Hilo la kwanza mtu anaweza kulifunika nyumbani kwake. Shangazi aliumia, lakini alimeza, maana binti alikuwa anapenda, na kupenda kwa watu wasio na kitu kunahitaji kumeza kwingi. Fundi akawa katikati, huku anambembeleza mama, kule anambembeleza mchumba. Hatimaye akaja na habari njema: mama amelegea. Siku ya Jumatatu, saa kumi alasiri, atakuja na wazee kwa shangazi kupanga siku ya ndoa.

Jumatatu hiyohiyo, mchana, Mama Vipindi alimwita Kimya ofisini.

Alimkuta amekaa, miwani imepandishwa kwenye nywele, glasi ya chai imeota utando juu. Mama Vipindi alimwambia aketi, na kwamba hatazunguka mbuyu. Jopo limesikiliza rekodi yake na kuiweka kando. Salamu ya kwao hakuiweka, ilhali ndiyo iliyoombwa kwanza. Na kusoma kwenyewe, alisema, ni safi mno, kama mtu asiyewahi kushikwa na kiu.

"Mimi nakusikia kila siku ukiongea na simu," alisema. "Huyu niliyemsikia simjui. Nimekuita unitambulishe."

Akabonyeza kitufe cha mashine.

Mwanamke mmoja akaanza kusoma habari ya daraja lililosombwa na mafuriko. Alikuwa na sauti ya Kimya, lakini hakuwa Kimya. Hakuvuta pumzi mahali popote. Maneno yalikuja yamegusana mabega, moja baada ya jingine, yamekatwa kucha. Pale alipokumbuka kwamba alisita kidogo kwa kuwaonea huruma waliopoteza nyumba, hapakuwa na kusita. Na mwanzo, pale alipokuwa amewasalimia watu kwa lugha ya mama yake, salamu ndefu inayouliza mmeamkaje na waliosafiri wamefika, palikuwa na ukimya mfupi tu, kisha daraja.

Alingoja kuumia. Hakuumia. Alihisi kama mkono uliolaliwa usiku kucha, unaouona ni wako ukiugusa lakini wenyewe hauna habari. Aliona sisimizi wanapita kwenye ukingo wa meza kwa mstari, mmoja amebeba punje ya sukari. Akafikiri, wanaipeleka mbali.

Mama Vipindi alimuuliza ni nani aliyekata. Kimya alisema tu kwamba salamu aliisoma, na kwamba anaomba asome tena.

"Jopo linamaliza leo. Kesho majina yanakwenda juu, nami sitakuwa na la kufanya." Mama Vipindi alimtazama, kisha akazima mashine. "Njoo saa kumi, habari fupi zikiisha. Utasoma mbele yetu, moja kwa moja, hakuna wa kukata. Usipokuja, nitajua umeamua."

Saa kumi. Kimya aliitikia, akashukuru, akarudisha kiti mahali pake.

Chumba cha Fundi kilikuwa mwisho wa ukumbi, kuta zimebandikwa sponji nyeusi, hivyo ukiingia hata hatua zako zinakufa. Alimkuta anakunja waya kiganjani na kwenye kiwiko, shati jipya limetundikwa msumarini tayari kwa safari ya alasiri. Alipomwona alitabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja. Alimwambia kwamba wazee wameshavaa, mjomba wake amevaa koti na jua lote hili, na mama ameamka anaimba, mama ambaye haimbi.

Kimya aliacha amalize. Kisha akamwambia kwamba ametoka kusikia rekodi.

Mikono ya Fundi ilisimama juu ya waya.

"Niliisafisha kidogo," alisema.

"Uliisafisha."

"Ndiyo kazi yenyewe, mpenzi. Hakuna sauti inayokwenda hewani mbichi. Hata wale wakubwa unaowasikia, nawatoa makohozi kila siku."

"Salamu ilikuwa makohozi?"

Fundi alitundika waya, ukaanguka, akauacha. Alianza kueleza mambo ya ufundi, kelele za chini, mwendo, urefu wa rekodi, na Kimya akamsikiliza mpaka mwisho kama anavyowasikiliza wapigaji simu, bila kumkatiza. Halafu akamuuliza jambo moja: alikaa mahali hapa peke yake akaondoa pumzi zake zote, moja moja, zile alizosema zinammaliza?

Fundi akaketi. Uso ulimshuka.

"Sikuwa peke yangu," alisema. "Mama alikuwa ameniletea chakula. Akaniambia nimwekee asikie huyo mkwe wake atasikikaje kwa watu. Nikampa hedifoni. Basi akawa ananionyesha. Hapa. Na hapa. Na hiyo ya mwanzo ndiyo toa kabisa."

"Nawe ukatoa."

"Nilikuwa natafuta njia, Kimya. Nisikilize. Ndiyo iliyomlegeza. Alipoisikia imekwisha, akasema, huyu naweza kumtambulisha kwa watu. Siku hiyo ndiyo alikubali wazee waje. Nilifikiri utapata kazi, tutaoana, watoto wetu hawatachekwa shuleni. Kila mtu anapata chake. Ni pumzi tu nilizokata. Wewe mzima uko hapa, mbele yangu, nakupenda na pumzi zako zote."

Machozi yalimjaa. Alikuwa mwanamume wa kulia, hilo Kimya alilipenda kwake tangu mwanzo, na sasa aliyatazama machozi yake yakishuka hadi kidevuni kama anatazama mvua ya mtaa mwingine. Alitaka kumfuta. Mkono ulikumbuka njia yote, kutoka mfukoni hadi shavuni, lakini haukwenda.

Akamweleza habari ya saa kumi.

Fundi alishika tama. Alimwomba asiende. Siyo leo, alisema, leo wazee wako njiani, na mama amesema waziwazi kwamba akifika akakuta kiti cha bibi harusi kiko wazi, hatarudi tena, wala hatalitaja jambo hilo maisha yake yote. Kazi zitatokea nyingine. Mwakani watatangaza tena. Akasema na lile alilokuwa amelificha, kwamba mama ana sharti: akishaolewa aache kituo kwanza, walau mpaka watu wamzoee.

"Wanizoee nikiwa kimya," alisema Kimya.

"Ndilo jina lako," Fundi alisema, akijaribu kutania, na alipoona utani haukushika akafunika uso.

Kimya alitoka, akarudi kwenye kibanda chake, akapokea simu. Mwanamume mmoja alitaka kujua kama barabara imefunguliwa. Akamwambia bado. Alimpigia shangazi. Shangazi alikuwa ameazima viti kwa majirani na kufagia hadi nje ya ua, sauti yake imejaa furaha ya mtu aliyengoja sana. Kimya alipomaliza kumsimulia, alisikia kiti kikivutwa, shangazi akaketi.

"Viti nitavirudisha," shangazi alisema. "Viti si vyangu. Wewe unampenda?"

"Nampenda, shangazi."

"Basi mimi sina la kukuambia, mwanangu. Nitakuombea tu. Hayo mengine ongea na Mungu, Yeye ndiye aliyekupa hiyo pumzi, siyo mimi."

Habari fupi zilipokwisha, Kimya aliingia studio. Mama Vipindi na wenzake wawili walikuwa wameketi ukutani, makaratasi magotini. Aliketi mbele ya maikrofoni, akavaa hedifoni mwenyewe. Alipoinua macho kwenye kioo, macho ya Fundi yalikuwa yameshatangulia.

Angeweza kuomba mtu mwingine ashike mitambo. Hakuomba. Fundi alikuwa amevaa lile shati jipya.

Kabla hajainua mkono kumpa ishara, mlango wa chumba cha mitambo ulifunguka nyuma yake, akaingia mama yake. Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa pini, mkoba kwapani. Amekuja kuwachukua wote wawili, ilionekana, kabla wazee hawajafika wakaaibika. Kioo kile hakipitishi sauti. Kimya aliona tu mdomo wake ukienda, na Fundi akitikisa kichwa bila kugeuka. Kisha mama akanyamaza, akasimama nyuma ya kiti cha mwanawe, akavishika vipini vya mkoba kwa mikono miwili.

Fundi akainua vidole. Akavikunja kimoja kimoja. Taa nyekundu ikawaka.

Kimya alivuta pumzi.

Aliisikia masikioni, kubwa, ikipanda. Akaanza kusalimia kwa lugha ya mama yake. Hakuwa ameisema kwa sauti mbele ya watu tangu mazishi ya mama, na alidhani itamtikisa, lakini ilitoka bila shida. Aliuliza wameamkaje. Aliuliza habari ya nyumba, habari ya maji, habari ya waliosafiri. Nyuma ya kioo mama alimwinamia mwanawe na kupitisha ubavu wa kiganja hewani, kama anayekata kitambaa. Mkono wa Fundi ulikuwa juu ya kile kidude cha kupandisha na kushusha sauti. Kidole kimoja tu kingetosha, na angesingizia mitambo. Kimya aliutazama mkono ule huku anasalimia. Aliupenda bado. Mama akapitisha kiganja mara ya pili.

Mkono haukushuka.

Alisoma habari ya daraja. Alisita pale penye watu waliopoteza nyumba, akavuta pumzi, akaendelea. Alipomaliza, mmoja wa wale wawili alikuwa ameacha kuandika. Mama Vipindi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akamwambia kwamba huyu sasa anamjua, na kwamba wiki ijayo atafute mtu wa kumwachia simu. Wakampa mkono, kila mmoja kwa zamu. Kimya aliwashukuru. Furaha aliijua iko mahali fulani, kama mtu anavyojua sahani ziko kabatini, lakini hakuwa na nguvu ya kwenda kuifungua.

Walipotoka, Fundi aliingia. Kimya hakuwahi kumwona ameingia studio kwa haraka namna hiyo. Mama yake alibaki mlangoni, nusu ndani nusu nje, uso umegeuziwa ukumbini.

"Sikukata," Fundi alisema. Alikuwa anahema. "Umeona? Amenivuta hadi shati, sikukata."

"Nimeona."

"Basi nisikilize. Tutaoana hivyohivyo. Wewe fanya kazi yako, soma, salimia hadi wachoke. Mama atazoea. Na asipozoea, mimi ndiye ninayeoa." Alisema hayo kwa sauti ya kutosha kufika mlangoni, na mama alisikia, maana vipini vya mkoba vililia. "Mama anasema wazee wamechelewa njiani. Tukiondoka sasa tunawawahi. Sema lolote unalotaka nifanye, nitafanya. Niulize lolote."

Alikuwa karibu sana. Kimya aliona kishikizo cha juu cha shati lake jipya kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, mama yake ndiye aliyemshonea, na aliona jinsi kichwa chake kilivyoinama upande, kikimsubiri. Angeweza kumlalia kifuani palepale. Aliwaza viti vya shangazi vimepangwa, na maisha yote yaliyopangwa nyuma ya viti hivyo, na hakuna hata moja kati ya hayo ambalo hakulitaka.

"Siku ile," alisema, "mama alipoisikia salamu yangu. Alifanyaje?"

Fundi alikigusa kishikizo cha shati lake.

"Aliiigiza," alisema.

"Aliiigiza akacheka?"

"Akacheka. Unamjua mama."

"Nawe?"

Hakuwa mwongo. Hilo nalo Kimya alilipenda kwake. Fundi alitazama sakafu, akatazama kioo, akatazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa haina cha kushika.

"Nilicheka," alisema. "Kidogo."

Kimya aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelekezwa njia. Alivua hedifoni zilizokuwa bado zimemning'inia shingoni, akaziweka juu ya meza, akaunyoosha waya wake usijisokote. Akachukua mkoba wake. Fundi alimwita, si kwa jina la kazini, bali kwa jina lake lile alilopewa na mama yake marehemu, ambalo mjini hakuna mwingine aliyelijua ila shangazi. Mama yake Fundi, pale mlangoni, alisogea kumpisha, na kwa mara ya kwanza akawa yeye wa kwanza kuamkia. Kimya akapita katikati yao, akatoka kwenda kumsaidia shangazi kurudisha viti.